Ubao wa Kaiti wa Mwanamke Unapogoma: Dalili, Vyanzo na Marekebisho

Malalamiko ya wanawake wanaoendesha kaiti, yaani wanaoteleza majini juu ya ubao wakivutwa na tiara kubwa, kati ya Bwejuu na Jambiani, vijiji vya pwani ya mashariki ya Unguja, yanafanana mno: ubao haubishi, yaani haupandi kuelekea upepo unakotoka, unarusha maji usoni, unachosha mapaja kabla ya saa moja kwisha, unachomoka miguuni, au unazidi kuwa mzito kila wiki. Hukumu inayotolewa papo hapo ufukweni ni kwamba ubao ni mbovu au haukutengenezwa kwa ajili ya wanawake, na mwenye nao anashauriwa atafute mwingine. Hukumu hiyo ni ya haraka mno, na ni ya gharama. Mbao nyingi zinazowafikia wanawake wa hapa zimekwisha kutumiwa na wanaume, zikauzwa mwisho wa msimu, na bado mikanda yake imefungwa kwa mguu wa namba 44 na kwa mapaja ya mtu wa kilo 85. Kabla ya kutoa hata shilingi, ubao huo upangwe upya kwa mwili wa yule atakayeusimamia, kisha ndipo uhukumiwe.

Maelezo haya yanahusu ubao wa pande mbili, ule wenye ncha mbili zilizo sawa, pamoja na mapezi manne chini yake, kwa sababu ndio unaotumiwa na wengi. Ubao unaouzwa kama wa wanawake hutofautiana na mwingine kwa mambo machache ya kweli: hupinda kwa wepesi zaidi, matundu ya kufungia mikanda yamekaribiana, pedi zake za kukanyagia ni ndogo, na mara nyingi uzito wake umepunguzwa. Hayo yote yana maana kwa mtu mwepesi, lakini mwanamke wa kilo 75 mwenye miguu yenye nguvu anaweza kufaidi zaidi ubao wa kawaida, na mwanamume wa kilo 55 akafaidi ule wa wanawake. Uzito wa mwili, kimo na umbali kati ya miguu ndivyo vinavyoamua, wala si rangi wala lebo.

Dalili ya kwanza: ubao haubishi

Hii ndiyo dalili inayotajwa kuliko nyingine zote, na hapa kwetu inaonekana wazi bila kupima chochote. Wakati wa kusi, kuanzia Juni hadi Septemba hivi, upepo unatoka kusini mashariki, na asiyeweza kubisha huingia majini Paje, kijiji cha katikati, akatokea Bwejuu upande wa kaskazini, akarudi kwa miguu amebeba ubao kwapani. Wakati wa kaskazi, Desemba hadi Machi, mambo hugeuka na safari ya miguu huanzia upande wa Jambiani.

Chanzo cha kawaida kabisa si ubao. Ni kaiti isiyotosha, au kaiti inayotosha lakini imewekwa juu mno angani, ambapo humnyanyua mwendeshaji badala ya kumvuta. Mwanamke wa kilo 55 katika upepo wa maili 16 hadi 18 za baharini kwa saa kwa kawaida hutosheka na kaiti ya mita 8 au 9 za mraba, na akiwa kwenye mwendo kaiti hiyo inapaswa kukaa kiasi cha nyuzi 45 juu ya maji. Jaribio la kwanza ni rahisi: shusha kaiti hadi hapo, ishikilie bila kuichezesha, ngoja ubao upate kasi, kisha ndipo uanze kukaza ukingo, yaani kuulaza ubao upande ili ukingo wake ukate maji. Wengi hukaza ukingo kabla ya kasi kupatikana, ubao ukazama nyuma na kusimama kama breki, nao wakadhani kwamba wanabisha kumbe wanaburutwa.

Chanzo cha pili ni namna ya kusimama. Anayetazama miguu yake hubeba uzito mwingi mbele, na ncha ya ubao huelekea upepo unakokwenda. Macho na bega la mbele vielekee kule anakotaka kufika, yaani upande unaotoka upepo, nyonga zisukumwe juu badala ya kukaa kama aliyeketi kitini, na uzito mkubwa zaidi ubaki kwenye mguu wa nyuma, ukisukumwa kwa kisigino. Mwanamke anayefundishwa na mwalimu mzito zaidi yake mara nyingi huambiwa akaze tu, akaze zaidi, hali mwili wake mwepesi unahitaji kasi kwanza na mkazo baadaye. Nasisitiza jambo hili kwa sababu nimeona wengi wakikata tamaa hapa hapa, wakijiona hawana nguvu, ilhali nguvu haikuwa tatizo.

Ikiwa hayo mawili yamekaguliwa na hali haijabadilika, geuza ubao na uangalie mapezi. Yawe manne, yasiwe yamelegea, na yasiwe yamekatika ncha kwa kugonga mwamba au vigingi vya mwani. Pezi lisilofanana pande zote hufungwa ule upande wenye mteremko ukielekea katikati ya ubao. Likifungwa kinyume, ubao huteleza kombo bila sababu inayoonekana. Mapezi ya milimita 40 hadi 50 humsaidia sana anayejifunza kubisha, na kuyabadilisha ni kazi nafuu kuliko kununua ubao.

Baada ya mapezi ndipo tunaufikia ubao wenyewe. Ubao wa sentimita 130 kwa 38 unaweza kuwa mzuri sana kwa kusi ya Julai iliyokaza, lakini ukawa mdogo kwa upepo dhaifu wa asubuhi. Kwa anayejifunza akiwa na kilo 50 hadi 60, upana wa sentimita 40 au 41 na urefu wa 136 hadi 140 humpa eneo la kutosha la kuelea. Upinde wa chini nao una kauli: ubao uliopinda sana kutoka ncha hadi ncha hutua vizuri baada ya kuruka na hupita laini juu ya mawimbi, lakini hula kasi na kubisha kwa shida, wakati ubao ulionyooka zaidi hubisha mapema. Ulaze juu ya sakafu tambarare, ulinganishe na wa mwenzako, na utaona tofauti kwa macho. Chanzo cha nadra kuliko vyote ni ubao uliojipinda kwa jua au kwa kuegemezwa vibaya mwaka mzima. Uchungulie kwa urefu wake kutoka ncha moja, na kama ncha hazikai sambamba, hakuna marekebisho ya nyumbani.

Mahali pa kukomea ni hapa: asiyeweza kubisha asitoke nje ya mwamba, hata kwa kumfuata mwenzake, na hata upepo uwe mzuri kiasi gani. Maji yanapokupwa, hasa siku za bamvua ambapo tofauti kati ya maji kujaa na kupwa hukaribia mita 4, mkondo huelekea kwenye milango ya mwamba, na upungufu ambao ndani ya ziwa la maji mafupi ungekugharimu matembezi tu, nje unaweza kukugharimu uhai. Katika hali hiyo tatizo si la ubao tena, na mtu wa kumwendea ni mwalimu aliyethibitishwa na mwenye boti ya uokozi, si muuza vifaa.

Dalili ya pili: maji yanaruka usoni

Maji yakimpiga mtu machoni muda wote, kwanza alegeze mguu wa mbele na kuhamishia uzito nyuma, kisha aache kubisha kwa pembe kali mno. Mara nyingi hayo yanatosha. Yasipotosha, fungua mikanda na uisogeze tundu moja kuelekea kisigino, ili ubao ulale kwa namna tofauti kidogo majini. Ubao ulionyooka sana chini, usio na mifereji karibu na ncha, hurusha maji kwa asili yake, na hilo halirekebishiki. Mwenye ubao wa namna hiyo achague saa za maji yenye mawimbi madogo, au avae miwani ya majini yenye kamba.

Dalili ya tatu: ubao unateleza badala ya kukata maji wakati wa kugeuka

Kukata mpindo kwa ukingo ndiyo raha kubwa ya ubao huu, na katika maji tulivu nyuma ya mwamba, yakiwa yamefika mapajani, hakuna mahali pazuri zaidi pa kujifunzia. Anayeteleza badala ya kukata kwa kawaida ameingia kwenye mpindo bila kasi, au kaiti yake imemtangulia na kumvuta kabla ubao haujalala upande. Atangulize mwendo, asogeze kaiti polepole, na uzito uhame kutoka visigino hadi vidole kwa mfululizo, magoti yakiwa yamekunjwa na kifua kikielekea ndani ya mpindo. Mpindo wa vidole ndio unaowashinda wengi, kwa sababu mguu mdogo ukiwa ndani ya mkanda mpana husogea mbele na nyuma kabla haujaufikisha mkazo kwenye ukingo. Kaza mkanda kwanza, rudia, na ulinganishe.

Kama mwili na mikanda viko sawa, tazama ugumu wa ubao. Weka ncha mbili juu ya matofali mawili, bonyeza katikati kwa viganja, na uone unavyoitikia. Ubao uliotengenezwa kwa mtu mzito, wenye tabaka za kaboni, hautapinda kabisa chini ya mwanamke wa kilo 50, na ubao usiopinda hauchukui umbo la mpindo. Utaruka-ruka juu ya maji na kuteleza. Hapo ni kweli kwamba ubao mlaini, ule wa wanawake au wa watu wepesi, utaleta mabadiliko. Mapezi makubwa mno nayo huzuia mpindo, na anayekwisha kujua kubisha anaweza kushuka hadi milimita 38 akapata ubao mwepesi wa kugeuka.

Nimeulizwa kama ukingo unaweza kunolewa. Wanaoteleza juu ya theluji hunoa ukingo wa ski zao kwa sababu ni wa chuma. Ubao wa kaiti hauna chuma. Ukingo wake ni utepe wa plastiki ngumu uliogandishwa kati ya tabaka za faiba, na kuupiga tupa ili uwe mkali ni kuufungulia njia ya maji. Mikwaruzo iliyoinuka ilainishwe kwa msasa laini, na kazi iishie hapo.

Dalili ya nne: mapaja yanachoka, magoti yanauma, nyayo zinakufa ganzi

Tenganisha uchovu na maumivu. Mapaja yanayochoka mapema hutokana kwanza na kaiti kubwa kuliko upepo, maana mwendeshaji hutumia miguu kuzuia nguvu ambayo angepaswa kuipunguza kwa kusukuma mbali mpini wa kuongozea kaiti au kwa kubadilisha kaiti. Pili hutokana na hanesi, ule mkanda mpana wa kiunoni unaomuunganisha mwendeshaji na kaiti, iliyopanda hadi mbavuni, jambo la kawaida kwa wanawake wanaovaa hanesi ya mwanamume, ambayo kiuno chake hakikukatwa kwa nyonga zao. Inapopanda, mzigo wote hurudi mikononi na mapajani. Kaza mkanda wa chini kwanza, kisha wa juu, na kama bado inapanda, jaribu hanesi ya kukalia.

Nguo nayo ina sehemu yake. Dera au suruali pana ikilowa hubeba maji na kuvuta miguu, na kitambaa kinachopepea kinaweza kunasa kwenye ndoano ya hanesi au kuficha kishikio cha kujifungulia kutoka kwenye kaiti wakati wa dharura. Anayetaka kujistiri, na wengi wetu tunataka, avae vazi la kuogelea linaloshika mwili chini, koti fupi juu yake, na ushungi wa kitambaa cha kuogelea uliochomekwa ndani kabisa ya shingo. Kishikio cha kujifungulia lazima kionekane na kifikiwe kwa mikono yote miwili. Hili si jambo la kulijadili.

Maumivu ya magoti mara nyingi yana chanzo kwenye mpangilio wa miguu. Simama ubaoni nchi kavu ukiwa umefumba macho, ruka mara moja, na utue kwa namna inayokuja yenyewe. Fumbua macho na utazame nyayo zako ziko wapi ukilinganisha na pedi. Kama pedi ziko nje zaidi, sogeza mikanda kwenye matundu ya ndani. Kisha tazama pembe: vidole vya miguu yote miwili vielekee nje kidogo, kiasi cha nyuzi 9 hadi 15, na pembe ya mguu mmoja ifanane na ya mwingine, kwa sababu ubao huu huendeshwa pande zote mbili. Pedi zilizonyooka kabisa hulisokota goti kila ukingo unapokazwa.

Ganzi ya nyayo kwa kawaida ni mkanda uliokazwa kupita kiasi ili kufidia pedi kubwa. Acha kuendesha siku hiyo iwapo goti limevimba, linajifunga lisikunjuke, au lilitoa mlio wakati wa kuanguka. Iwapo ganzi haijaondoka baada ya nusu saa nchi kavu. Au iwapo maumivu yanakuamsha usiku. Hayo ni ya daktari, na kusogeza tundu hakuyatibu.

Dalili ya tano: mguu unachomoka

Osha pedi. Ushauri huu unaonekana mdogo, lakini mafuta ya nazi miguuni na losheni ya jua vikichanganyika na mchanga laini wa pwani hii hutengeneza utelezi ambao hakuna mkanda unaoushinda, na sabuni ya kawaida na brashi huuondoa. Baada ya hapo vuta mkanda kwa kulinganisha pande zote mbili, usikaze upande mmoja tu, hadi vidole vionekane vikitokea upande wa pili na kisigino kikae ndani ya kishimo chake. Kwa mguu wa namba 36 au 37 mkanda mkubwa huenda usikazike kiasi cha kutosha hata ukifika mwisho. Wakati huo tafuta pedi ndogo. Usimfunge mtu kwa kamba wala kwa mpira ili ubao usichomoke. Ubao unapaswa kumwachia mwenyewe anapoanguka vibaya, la sivyo goti litalipa.

Dalili ya sita: skrubu zinalegea, zimeshika kutu, au hazifunguki

Skrubu nyingi za mikanda na mapezi ni za milimita 6, na huhitaji bisibisi ya nyota kubwa. Ile ndogo ya nyumbani hukaa juu juu, huzunguka, na kula kichwa cha skrubu kikawa kishimo cha duara kisichoshikika tena. Kila kabla ya kuingia majini, zungusha kila skrubu kidogo kwa mkono ili uisikie. Inayolegea mara kwa mara isafishwe, ikaushwe, ipakwe tone la gundi ya kuzuia skrubu isilegee, ile dhaifu inayofunguka kwa bisibisi, na ikazwe kiasi cha kugoma tu.

Kutu ina asili mbili hapa. Moja ni skrubu za kawaida zilizonunuliwa duka la vifaa vya ujenzi mjini badala ya zile za chuma kisichoshika kutu. Nenda na sumaku, hata iliyong'olewa kwenye spika ya redio ya zamani: skrubu ikirukia sumaku kwa nguvu, iache dukani. Ya pili ni kuosha ubao kwa maji ya kisima ambayo nayo yana chumvi, jambo lililo la kawaida pwani ya mashariki. Kwa vifaa vya bahari, ndoo moja ya maji ya mvua ina thamani kuliko mapipa mawili ya kisima cha namna hiyo. Angalia pia urefu. Skrubu iliyozidi urefu, ikikazwa, hugota mwisho wa tundu na kuisukuma faiba ya upande wa chini hadi iinuke kama kipele. Ukipapasa chini ya ubao na kukutana na kipele mkabala na tundu, ifungue mara moja kabla haijatoboa.

Skrubu iliyoganda ipewe mafuta ya kulegezea kutu na usiku mzima wa kuyanywa, kisha bisibisi sahihi isimamishwe wima na kugongwa nyundo nyepesi mara chache kabla ya kuzungushwa. Kichwa kikianza kulika, acha. Usitie moto, kwa kuwa gundi inayoshika tundu hulainika kabla ya chuma kulegea. Vivyo hivyo, tundu lenyewe likizunguka pamoja na skrubu, kazi hiyo ni ya fundi wa boti za faiba, atakayelichimbua, kulikausha na kuligandisha upya kwa gundi ya epoksi.

Mlio au mtetemo chini ya ubao, nao, karibu kila mara ni pezi lililolegea au lililopata pengo ukingoni. Kaza, lainisha kwa msasa, au badilisha. Ukikuta kamba ya mwani imejisokota kwenye pezi, ifungue taratibu bila kuikata na uirudishe shambani, kwani ni kazi ya wiki kadhaa ya mama fulani, na maji yakiwa chini hatuna haki ya kupita juu ya mashamba yao.

Dalili ya saba: ubao umekuwa mzito, una vipovu, au una sehemu laini

Ndani ya ubao mara nyingi kuna mti mwepesi wa paulownia uliofunikwa kwa faiba, na mti huo ukipata maji hunyonya na kuoza kimyakimya. Njia ya maji ya kawaida zaidi ni ufa wa ukingoni uliotokana na kugonga mwamba, ikifuatiwa na matundu ya skrubu yaliyolegea, na mwisho ni faiba iliyoachana na mti kwa sababu ya joto, pale ubao ulipoachwa juani siku nzima au ndani ya gari lililofungwa.

Pitisha kucha pembezoni mwa ubao wote. Inaponasa, weka alama kwa kalamu. Kisha gonga kwa sarafu kuanzia ncha hadi ncha na usikilize. Mahali pazima hutoa sauti kali na fupi, mahali palipoachana hutoa sauti butu. Ufa mfupi kuliko kidole, mkavu, na ulioko ukingoni unaweza kutengenezwa nyumbani: osha kwa maji baridi yasiyo na chumvi, kausha kivulini kwa siku kadhaa nyufa zikiwa zimeelekea chini, kwangua kwa msasa, jaza epoksi, funika kwa utepe wa plastiki hadi ikauke, kisha sawazisha. Vaa glovu na barakoa, fanya kazi nje, na weka watoto mbali, kwa sababu vumbi la faiba hudhuru mapafu na epoksi mbichi huunguza ngozi. Usizibe ufa ambao bado unatoa maji, kwani utakuwa umeyafungia ndani.

Mpelekee fundi ubao wenye sauti butu katika eneo kubwa kuliko kiganja, au ule unaobonyea chini ya kisigino. Na ikiwa ufa umekatiza upana wa ubao kati ya miguu miwili, hata uwe mwembamba kama unywele, usiusimamie tena majini, kwa sababu hapo ndipo nguvu yote inapopita, na ubao ukivunjika katika mwendo hutoa vipande vyenye makali karibu kabisa na mapaja.